Maziwa ya Heroe

Chelimo ndiye aliyeyapa jina
alipoona unga ukigeuka waridi chupani.
"Baba, maziwa ya heroe!"
na sikio lake bado linatoa usaha,
shingo imelala upande
kama bua lililopigwa na mvua ya mawe.

Nilichemsha maji, nikayaacha yapoe,
nikamimina, nikatikisa, nikangoja povu litulie,
nikaongeza hadi mstarini,
kwa mikono hii ya fundi viatu
iliyozoea gundi na nyundo.

Maana mara ya kwanza sikupima.
Mara ya kwanza nilisimama dirishani, duka la dawa, Kaptembwa,
nikasema, "Nipe rangi mbili, za hamsini,"
kama mtu anayeagiza sukuma.
Nikafungiwa vidonge vitano kwa kipande cha gazeti.
Nikavipasua juu ya uji,
nusu asubuhi,
nusu nikikumbuka.
Siku ya pili homa ikashuka, nikajiona daktari.
Viwili vilivyobaki nikavitia kwenye mkebe wa misumari,
nikaviita akiba.

Haba na haba haikujaza kibaba.
Sikio lilirudi, na hasira.

Zahanati, Simiyu alimning'iniza mwanangu kwenye mizani
kama gunia dogo la viazi vya Molo:
kilo kumi na tatu na robo.
"Ulimpa nini kabla ya kuja?"
Nikautoa mkebe mfukoni.
Vile viwili vilikuwa vimeota vumbi la kutu.
Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.
Alivichukua, akasema tu,
"Wale wadudu uliwapiga kofi, ndugu yangu, hukuwaua.
Waliobaki wanakujua."
Kisha akaandika: siku tano, asubuhi na jioni,
na akanipa bomba dogo la kupimia,
nisije nikatumia kijiko cha chai.

Nilichora mkaa nyuma ya mlango,
mstari kila dozi.
Siku ya tatu Chelimo alikuwa uani akiwakimbiza bata,
na mkono wangu ulioshika chupa
ukasita.

Jioni hiyo hiyo Kerubo akabisha hodi,
Mokeira mgongoni, pua inachuruzika.
"Nipunguzie ile ya waridi. Kifuniko kimoja tu."
Nimekopa kwake chumvi, kiberiti,
hata kodi ya nusu mwezi.
Unamnyimaje mtu kifuniko kimoja?
"Hapana," nilisema,
na neno likatoka kama msumari uliopinda.

Asubuhi tulikwenda pamoja, yeye mbele, mimi nyuma.
Simiyu alipandisha fulana ya mtoto,
akatazama saa, akahesabu pumzi
dakika nzima, chumba kizima kimya.
"Mafua. Mnyonyeshe, msafishe pua.
Akihema haraka, kifua kikibonyea ndani,
akikataa ziwa, mlete hata usiku wa manane.
Dawa hii haimfai."
"Nimepanga foleni tangu saa moja," Kerubo akasema,
"nije nipewe maneno?"
Aliyasema kwake,
lakini alinitazama mimi.

Siku tatu hatukusalimiana.
Ukuta wetu ni mabati; nilimsikia Mokeira akikohoa,
nikalala nikihesabu, bila saa,
nisijue kama nilichomnyima ni sumu au ni uhai.
Usiku wa nne nilisikia kicheko cha mtoto.
Asubuhi, juu ya sanduku langu la kazi,
bakuli la ndizi, limefunikwa kwa sahani.
Hakuna salamu. Zilikuwa bado moto.

Mstari wa kumi nilikuwa nimeshauchora.
Chini ya chupa palibaki kidogo, waridi,
na Chelimo alitaka kumnywesha paka.
Nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha,
nikakitazama kupita kiasi.
Akiba, moyo ulisema. Moyo haujifunzi upesi.
Nikairudisha chupa zahanati, na masalio yake.

Mkebe sasa una misumari tu.